Barolo au Chianti Classico?

Ukimimina Barolo, divai nyekundu ya Italia, kwenye glasi unaweza kudhani umeuziwa divai nyepesi, maana wekundu wake ni hafifu. Onja sasa. Ukakasi unashika ufizi kama ndizi mbichi, huku pua ikipata waridi na harufu ya lami. Hiyo ndiyo zabibu ya Nebbiolo, inayotumika peke yake katika vilima vya Piemonte, kaskazini-magharibi mwa Italia. Sheria inataka divai hii ikae angalau miezi 38 kabla ya kuuzwa, 18 kati yake ndani ya pipa la mbao. Ukiifungua ikiwa changa, itakununia.

Chianti Classico, divai nyekundu ya kati ya miji ya Firenze na Siena nchini humo, haina maringo hayo. Zabibu ya Sangiovese ni asilimia 80 au zaidi, na chupa ya kawaida inatakiwa kukaa miezi 12 tu. Ina ladha ya cheri na uchachu unaokwenda sambamba na mchuzi wa nyanya. Barolo hapo hupotea bure, heri uiwekee nyama ya ng'ombe iliyopikwa polepole. Ukinunua Chianti Classico, tafuta nembo ya jogoo mweusi kwenye chupa.

Mimi kwa chakula cha kila siku, jogoo. Barolo naisubiri, na mfuko wangu pia unasubiri.