Nyumba yenye hati au nyumba ya kibanja: muuzaji akueleze nini?

Dalali wa Wakiso, Uganda, atakuambia nyumba ni nyumba. Si kweli. Yenye hati ina daftari la serikali nyuma yake: unafanya upekuzi ofisi ya ardhi, unaona jina la mwenyewe, rehani ya benki, na zuio kama lipo. Muuzaji akinyamaza, daftari litasema. Ila ukuta unaovuja daftari halijui. Hilo kagua mwenyewe, ikiwezekana siku ya mvua.

Kibanja, yaani haki ya kukaa kwenye ardhi ambayo hati yake ni ya mtu mwingine, ni nafuu, lakini unategemea mdomo wa muuzaji, mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) na majirani. Omba stakabadhi za busuulu, kodi ya mwaka anayolipwa mwenye ardhi, uzishike mkononi. Tangu Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998, mwenye kibanja akitaka kuuza lazima ampe mwenye ardhi nafasi ya kwanza ya kununua. Ukiambiwa “mwenye ardhi yuko Uingereza, hana neno”, usitoe hata shilingi kabla hujaongea naye.

Kwa zote mbili, kama familia inaishi humo, mke au mume lazima aridhie. Mimi hukubali chai, nimtazame mama mwenye nyumba bei inapotajwa.