Kifaa Kipi Kinaonyesha Vizuri Zaidi Filamu za HDR?

Anayetaka kununua kifaa cha kuchezea nyumbani filamu za HDR, yaani zenye tofauti kubwa zaidi kati ya giza na mwangaza kuliko picha ya kawaida, aanze kwa kuichunguza runinga yake, kwa kuwa hakuna kifaa kinachoweza kuipa mwangaza isiokuwa nao. Filamu nyingi hutayarishwa kwa kilele cha niti (kipimo cha mwangaza wa kioo) 1,000 au hata 4,000, ilhali runinga nyingi za daraja la kati hazifiki huko, hivyo mwangaza unaozidi uwezo wa kioo hauna budi kupunguzwa. Hapo ndipo vifaa hupishana: kazi hiyo ikifanywa ovyo, wingu lililo karibu na jua hugeuka doa jeupe lisilo na umbo, ikifanywa kwa ustadi, kingo za wingu na wekundu wake hubaki.

Nafasi ya kwanza naipa deki ya diski za Ultra HD Blu-ray, hususan Panasonic DP-UB820. Diski hizo, zilizoingia sokoni mwaka 2016, hubeba hadi gigabaiti 100 na zinaweza kupitisha data kwa kasi ya hadi megabiti 128 kwa sekunde, wakati huduma za filamu za mtandaoni kwa kawaida hutuma picha ya 4K kwa megabiti 15 hadi 25 hivi. Tofauti huonekana hasa gizani, kwenye moshi, ukungu na anga la usiku, ambako picha iliyobanwa kupita kiasi hufanya mistari na mabaka. Deki hii inasoma mifumo ya HDR ya Dolby Vision na HDR10+, ambayo hubeba maelekezo ya mwangaza yanayobadilika onyesho kwa onyesho, tofauti na HDR10 ya kawaida, ambayo maelekezo yake ni yale yale tangu mwanzo wa filamu hadi mwisho. Zaidi ya hayo, mtumiaji anaweza kuiarifu aina ya kioo alicho nacho, nayo ikapunguza mwangaza kabla picha haijafika kwenye runinga. Mwenye projekta, ambayo mwangaza wake huwa hafifu, ndiye atakayefaidika zaidi. Sony UBP-X700 nayo ni deki nzuri, ila haina HDR10+, na Dolby Vision yake huwashwa na kuzimwa na mtumiaji mwenyewe kwenye mipangilio, jambo ambalo kwa maoni yangu linachosha upesi.

Asiyenunua diski achukue Apple TV 4K iliyotolewa mwaka 2022, inayokubali Dolby Vision, HDR10+ na HLG, mfumo mwingine wa HDR. Sharti ni moja: aingie kwenye mipangilio na kuwasha ulinganishaji wa HDR na wa idadi ya fremu (picha zinazopita kila sekunde), ili kifaa kitoe picha kama filamu ilivyotengenezwa. Asipofanya hivyo, kifaa huweza kugeuza hata kipindi cha kawaida kuwa HDR, nyuso zikang'aa isivyo asili, na filamu ya fremu 24 kwa sekunde ikaonekana kushtukashtuka kamera inapozunguka.

Programu zilizomo ndani ya runinga yenyewe nazipa nafasi ya tatu, nazo zinawatosha watu wengi kuliko wauzaji wanavyopenda kukiri. Vijiti vya kuchomeka kwenye runinga, kama Fire TV Stick 4K Max, vinafuata, hasa kwa runinga ambayo programu zake zimezeeka.

Konsoli za michezo naziweka mwisho. PlayStation 5 haina Dolby Vision kabisa. Xbox Series X inayo kwa michezo na filamu za mtandaoni, lakini si kwa diski. Hata hivyo, mwenye runinga ya Samsung hapotezi kitu kwa hilo, kwa sababu runinga hizo hazipokei Dolby Vision. Yeye aangalie HDR10+.

Kabla ya kulaumu kifaa kipya, hakikisha kebo ya HDMI inayokiunganisha na runinga inahimili gigabiti 18 kwa sekunde, kisha fungua mipangilio ya runinga na uruhusu mawimbi kamili ya 4K kwenye tundu unalotumia, kwani runinga kadhaa hutoka kiwandani zikiwa zimeyafunga.