Uzoefu wangu: nimenunua upya vitabu vya katuni vya utotoni, na nimebadili timu

Nyumbani kwetu kuna ubishi umeshapita miaka thelathini. Sisi ni watatu, tumekulia Leicester, Uingereza, na kila tukikutana sikukuu lazima mmoja aulize: kati ya vile vitabu vya katuni vya kila mwaka, kipi kilikuwa baba lao? Dada anasema The Broons. Mdogo wangu anasema Roy of the Rovers. Mimi siku zote nilikuwa Beano, na nilikuwa Beano kwa kelele. Mwaka huu nikaamua kuvitafuta tena, nivisome kwa macho ya mtu mzima mwenye mvi, niseme neno la mwisho. Nimenunua vitano, vyote mitumba, na nimetumia pauni ishirini na ushei pamoja na posta.

Kwa asiyevijua: Uingereza majarida ya katuni ya watoto yalikuwa yakitoka kila wiki, karatasi laini, unasoma na kutupa. Halafu mara moja kwa mwaka, kabla baridi haijaingia sawasawa, kinatoka kitabu chenye jalada gumu, kikubwa kama sinia dogo, kimekusudiwa kuwa zawadi ya Krismasi. Beano huandika juu ya jalada mwaka unaokuja, si huu. Cha 1984 kilikuwa madukani mwaka 1983.

Sisi Waislamu wa Unguja, Krismasi haituhusu. Lakini mama, ambaye Kiingereza chake cha wakati ule kilikuwa cha sokoni tu, aliusoma mchezo huu upesi kuliko wenyeji. Kitabu chenye mwaka usoni, Krismasi ikishapita, ni mkate wa jana. Januari vinashushwa bei hadi nusu na chini ya nusu. Basi kila Januari alituletea kimoja, kimoja tu kwa watoto watatu, na hakikuwa tulichokitaka bali kilichobaki. Ndiyo maana tuliyajua yote, mwaka huu hiki, mwaka ujao kile.

Nianze na Beano, kipenzi changu cha zamani. Jarida lenyewe ni la Dundee, Scotland, kwa wachapishaji D.C. Thomson, na toleo lake la kwanza lina tarehe 30 Julai 1938. Mtoto wa pale unayemjua ni Dennis, nywele timtim, fulana ya mistari myekundu na myeusi, manati mkononi. Aliingia Machi 1951, na mbwa wake Gnasher akafuata mwaka 1968. Nilivyokuwa na miaka minane nilipenda jinsi hadithi zilivyokwisha: baba mtu anamfukuza Dennis na ndara. Tulicheka mpaka machozi, maana ndara tuliijua. Tulidhani ni silaha ya mama zetu peke yao, kumbe hata Wazungu wanayo!

Nimekisoma tena chote usiku mmoja. Uchoraji bado moto. Ukurasa wa Bash Street Kids, wale watoto wa darasa moja lililoshindikana, unaweza kuukodolea macho dakika tano na bado ukakuta kitu kwenye kona: panya kashika bango, mtoto kalala chini ya dawati. David Sutherland aliwachora watoto hao kwa takriban miaka sitini, hadi alipofariki Januari 2023. Mkono wa namna hiyo haupatikani ovyo.

Tatizo ni kwamba kila hadithi ni ukurasa mmoja au miwili, na zote zina mwendo mmoja. Mtoto kapanga utundu, utundu umefaulu, kakamatwa. Ukifika ukurasa wa thelathini umeshiba kama aliyekula bisi: mdomo unatafuna, tumbo halina kitu. Halafu kuna Walter, yule mtoto mpole wa miwani ambaye Dennis hamwachi apumue. Utotoni nilikuwa upande wa Dennis. Safari hii nikakumbuka kwamba skulini mimi ndiye niliyekuwa na miwani. Nilifunga kitabu nikaenda kupika chai.

Roy of the Rovers nitakipitia haraka, mdogo wangu anisamehe. Roy Race, mshambuliaji wa Melchester Rovers, alizaliwa kwenye jarida la Tiger mwaka 1954 na kupata jarida lake mwenyewe mwaka 1976. Mpira wake ni dakika ya tisini, wamefungwa moja, shuti la mguu wa kushoto, kamba. Akikosa mpira anatekwa nyara. Ukiwa na miaka kumi, damu inachemka. Ukiwa na hamsini unajua matokeo kabla refa hajapuliza. Nimesoma robo tatu, nikaishia hapo.

The Broons ndipo nilipoanza kuyumba. Hawa na Oor Wullie ni wa gazeti moja, Sunday Post, la wachapishaji walewale wa Dundee, na walianza siku moja, 8 Machi 1936. Vitabu vyao hupokezana, mwaka huu Broons, mwaka ujao Wullie, yule mtoto anayekalia ndoo iliyopinduliwa. Mchoraji wao wa kwanza, Dudley Watkins, aliwachora mpaka kifo chake mwaka 1969. Broons ni familia ya watu kumi na mmoja ukimhesabu babu, wamebanana kwenye nyumba moja ya ghorofani, na babu ana kwake lakini anaingia atakavyo, hapigi hodi, anakula, anatoa maoni ambayo hakuombwa. Katika vitabu vyote vile, hiyo ndiyo familia pekee iliyofanana na yetu. Kwa Dennis mlikuwa na baba, mama, mtoto na mbwa. Sisi tulikuwa tukijiuliza wengine wako wapi.

Ila Wullie aliniponza. Wanaongea Kiskoti, lugha ya Scotland, na mimi mgeni wa miezi sita nilidhani Kiingereza ni Kiingereza. Siku moja mwalimu aliangusha rundo la madaftari, nikasema kwa sauti, kwa nia njema kabisa, "Crivvens! Help ma boab!", yaani "Lo! Maskini mimi!" ya Kiskoti. Darasa zima kimya, kisha likalipuka. Nilikaa wiki nzima bila kufungua mdomo.

Sasa Rupert. Huyu ni dubu mdogo wa suruali ya manjano yenye mirabaraba na fulana nyekundu, anayeishi kijiji cha Nutwood. Alianzia gazeti la Daily Express mwaka 1920, mkononi mwa Mary Tourtel, na kitabu chake cha mwaka kimetoka kila mwaka tangu 1936 bila kuruka, hata wakati wa vita, ambapo kwa miaka kadhaa kilivishwa jalada jepesi kwa uhaba wa vifaa. Aliyempa sura tunayoijua ni Alfred Bestall, aliyempokea mwaka 1935. Wavulana wa skuli walimwona Rupert wa kitoto. Mimi pia nilisema hivyo, mbele za watu.

Lakini tazameni ukurasa wake ulivyopangwa. Kawaida kuna picha nne. Chini ya kila picha kuna mistari miwili yenye vina. Chini kabisa ya ukurasa kuna hadithi hiyohiyo kwa maneno marefu, maelezo kamili. Yaani ni kitabu kimoja chenye milango mitatu. Januari 1985 mama alituletea kimoja, na bila mtu kupanga tukagawana: mdogo wangu wa miaka mitano alisoma picha, mimi nikasoma mashairi kwa sauti, dada akasoma maelezo ya chini na kutusahihisha wote wawili. Hakuna aliyemsubiri mwenzake na hakuna aliyelia. Beano tulikuwa tunaichana kwa kugombania.

Na mama. Alikuwa anakanda chapati, mimi nasoma ile mistari, akasimama. "Hebu rudia." Nikarudia. Hakuelewa hata nusu ya maneno, lakini alilelewa na tenzi, akaanza kuhesabu silabi kwa vidole vilivyojaa unga, kidole gumba kinagusa kila kimoja. "Nane," akasema. Mstari wa pili, nane tena. "Kumbe nao wanahesabu mizani!" Alifurahi kama aliyekutana na mtu wa kwao kituo cha basi. Lakini mistari miwili tu kwa picha haikumridhisha. Utenzi una minne. "Huu umekatwa miguu," akasema, akarudi kwenye chapati. Tangu siku ile nikisoma Rupert ilinibidi nisome kwa sauti, na penye mstari uliopungua alinikatiza kutoka jikoni: "Hapo kapunja."

Nimehesabu tena mwezi huu, peke yangu, kwa vidole. Mara nyingi ni nane kweli.

Rupert nilinunua viwili: kimoja ni kilekile chetu, cha pili ni cha mwishoni mwa miaka ya 1950. Hicho cha pili kina kurasa za uchawi, ambapo unapitisha brashi yenye maji matupu na rangi zinajitokeza zenyewe. Wakusanyaji hutafuta nakala ambazo kurasa hizo hazijaguswa. Muuzaji wangu wa mtandaoni aliandika "hali nzuri sana". Kilipofika kilinuka stoo, na mtoto fulani, zamani sana, alikuwa ameshapitisha maji, tena mengi, anga ya Nutwood imechuruzika mpaka kwenye paa za nyumba. Nililalamika, nikarudishiwa pauni nne kati ya kumi na mbili. Ukinunua, omba picha za kurasa hizo kabla ya kulipa. Angalia pia fumbo la maneno kama limejazwa, na kona ya ndani ya jalada. Kona ikiwa imekatwa usiogope, ni bei iliyoondolewa na mtoa zawadi. Vya kwetu mama hakukata kitu. Alitaka tuione bei ya zamani na stika ya punguzo juu yake, tujue akili yake.

Jambo moja zito kwa wazazi. Vitabu vya zamani sana, vya miaka ya 1930 na 1940, vina watu weusi waliochorwa kwa dharau, midomo na macho ya kukejeli. Jalada la Beano ya kwanza kabisa lina mfano wake, na Rupert wa zama hizo hajasalimika. Kuna nakala zinazochapishwa upya kama zilivyokuwa, kwa hiyo usimkabidhi mtoto kwa sababu tu jalada linang'aa. Funua kwanza. Mimi kwa watoto naanzia miaka ya 1970 kuja huku.

Na ukisikia mtu ana Rupert wa 1973 mwenye uso wa kahawia kwenye jalada, mwambie asikiuze kwa haraka. Bestall aliuchora kahawia, wachapishaji wakaubadilisha kuwa mweupe bila ridhaa yake, naye hakuwachorea jalada tena. Nakala chache zilizobaki na rangi yake huuzwa kwa maelfu ya pauni. Changu si hicho, nimeshaangalia mara mbili.

Kwa hiyo nimehama. Rupert, nyota tano, nyota nusu nimemkata kwa harufu ya stoo halafu nikamrudishia kwa sababu harufu si kosa lake. Broons nne na nusu. Beano nne kwa uchoraji, tatu kwa hadithi. Roy mbili, na mdogo wangu ameshaona, amenitumia ujumbe wa sauti wa dakika sita ambao sijausikiliza. Dada yeye hakubishana. Alinitumia picha ya rafu yake: Broons saba, kwa mpangilio wa miaka, na nafasi imeachwa ya cha nane.