Mfereji wa paa Goma: bati au plastiki?

Moshi wa Nyiragongo, volkano iliyo karibu na mji wa Goma, una gesi ya salfa. Ikikutana na mvua, maji yanakuwa na asidi, na asidi hiyo hula zinki ya mabati. Ndiyo maana mfereji wa bati hapa hauanzi kutoboka katikati: kutu huanzia penye mikato na matundu ya misumari, ambako zinki imekwaruzwa, na mahali majivu yamelala yakishika unyevu. Ukiuchagua kwa bei yake, na kwa kuwa fundi yeyote anaweza kuukunja, upake rangi ya kuzuia kutu ndani na nje kabla ya kuupandisha, kingo zilizokatwa zipakwe mara mbili.

Plastiki haiogopi asidi. Adui zake ni jua na uzito. Weka vishikio kila sentimita 50. Bati huvumilia hadi 80. Mita 10 za plastiki hurefuka karibu sentimita 2 joto likipanda nyuzi 30, kwa hiyo acha nafasi kwenye viungo vyenye mpira. Ukivigandisha vyote kwa gundi, vitapasuka.

Sisi tungechukua plastiki, hasa kwa nyumba ya mbao: mfereji wa bati ukitoboka, mbao za chini hurushiwa maji kila mvua, na huoza upesi.

Mteremko ni uleule kwa bati na plastiki, milimita 5 kwa kila mita. Maji yamwagwe angalau mita moja na nusu kutoka ukutani. Mwamba wa lava hunywa maji haraka, lakini nyufa zake zinaweza kuyapeleka chini ya sakafu.