Seva iko Nairobi, wao wananiletea habari za bahari

Nyota moja. Sufuri ingekuwepo ningeibonyeza.

Nimekodi mashine pepe, yaani kipande cha seva kubwa tunachogawana na wateja wengine, kwa kampuni moja ya hapa mjini, na ndiyo inayobeba mfumo wa duka letu la spea pale Kirinyaga Road. Mwanzoni sikuwa na neno. Halafu, mwisho wa mwezi fulani, ikaanza vituko: keshia anatafuta bei, skrini inaganda, mteja kashika plagi yake kuukuu mkononi anangoja, anachoka, anavuka barabara kwa jirani. Dakika kidogo tu mfumo unakimbia kama kwamba hakuna lililotokea.

Nikapiga simu. Mhudumu hakuningoja hata nimalize. "Boss, hizo ni kebo za baharini."

Baharini! Tangu zile kebo za EASSy na Seacom zipate hitilafu Mei 2024 tukakwama nchi nzima, kila mvivu kapata pa kujificha. Duka liko Nairobi, seva iko Nairobi, na trafiki yetu inapitia KIXP, kituo cha kubadilishana trafiki ya intaneti ya nchini, hapahapa bila kuonja maji ya chumvi. Nikamwambia. Akacheka. Jamani, akacheka kabisa! "Basi zima ruta, uiwashe." Nilipoomba fundi, eti mafundi hawaongei na wateja, na kama naona mashine ni nzito ninunue kifurushi kikubwa.

Sasa sikilizeni. Kwenye Linux inayokaa juu ya KVM, ile programu inayogawa seva moja kuwa mashine pepe nyingi, fungua amri ya top utazame st, mwisho wa mstari wa prosesa. Hiyo ni asilimia ya muda ambao mashine yako ilikuwa tayari kufanya kazi, lakini prosesa ya kweli ikawa inamhudumia mwingine. Yangu, duka likiganda, ilipita 30. Nayo wa, ya kungoja diski, karibu sufuri. Ni kama ploti ya bedsitter ambayo mwenyewe anaongeza ghorofa kila mwaka na tangi ni lile lile: asubuhi wote wakifungua mifereji, wa juu anapata hewa. Halafu ananiuzia mifereji zaidi! Ukiongezewa prosesa pepe, zile za kweli chini haziongezeki.

Nikawaandikia barua pepe kwa hasira, na picha za top. Usiku akajibu fundi, mstari mmoja: seva hiyo imejaa, nakuhamisha. Akaihamishia mashine yangu seva nyingine bila kuizima; ping, zile pakiti za kupima mtandao, moja mbili zikapotea, st ikarudi sufuri. Asubuhi keshia akaniuliza tumenunua kompyuta mpya lini. Kwa kweli hapo nilikuwa tayari kutoa nyota nne, na bado namshukuru yule bwana, popote alipo.

Kisha ikaja ankara. Kamili, bila hata shilingi kupunguzwa, na chini yake ombi la kukadiria huduma ya yule aliyenicheka!

Kuhama? Nimefikiria. Lakini nikikodi seva ya London, data kwenda na kurudi ni zaidi ya milisekunde 100, na keshia wangu hana subira hiyo. Nabaki, ila nalipa mwezi kwa mwezi, ile ofa ya mwaka mzima wakae nayo. St nimeiwekea kengele. Na nyota ziwe mbili, zote za fundi wa usiku.