Bati zangu za Kisongo na kijana wa kaunta

"Sisi tunauza bati, hatuuzi upepo."

Hayo ndo maneno niliyojibiwa kwenye kaunta, nimeshika kipande cha bati kilichochanika mkononi, pembeni yangu kasimama baba yangu mzazi, mzee wa miaka sabini na kitu, kavua kofia kwa heshima kabisa, na yule kijana hakumwamkia wala hakunyanyua macho kwenye simu yake. Duka silitaji, liko Arusha mjini na inatosha. Ni zaidi ya mwaka sasa. Ila jana shoga yangu anayejenga jirani na kwangu kaniuliza eti bati nilinunua wapi ampeleke mume wake, nikajikuta natetemeka kwa hasira kama vile limetokea asubuhi hiyo hiyo, nikaona bora niandike yaishe.

Mimi nimejenga upande wa Kisongo, ukishapita uwanja wa ndege unaendelea na ile barabara ya kwenda Makuyuni. Kama unakaa Sakina au Njiro umezungukwa na miti na maghorofa ya majirani hutanielewa. Kwetu ni uwanda mtupu, kiangazi unaona visulisuli vya vumbi vinatembea kama watu, na mvua ikitaka kunyesha haianzi mvua, unaanza upepo. Unakuja mbele ya mvua kwa nguvu dakika kumi au kumi na tano, ndo mvua ifuate. Na hizo dakika ndo zinaamua kama una nyumba au huna.

Wakati wa kununua nilienda na baba, maana hela ya kupaua nusu ilikuwa yake, aliuza ng'ombe wawili kule Kibosho. Tukaonyeshwa msauzi, yale mabati ya rangi yenye migongo, rangi ya maruni, nzuri jamani, nisiseme uongo, ilinivutia macho. Kijana akasema hii ni geji 28 mama (geji ndo kipimo cha unene wa bati, namba ikiwa ndogo bati ni nene zaidi), hii unamwachia mjukuu. Baba akaigonga kwa kidole, akainama akasikiliza, akaigonga tena, akaniambia kwa sauti ya chini "mwanangu, bati hii hailii". Muelewe, huyu mzee nyumba yake ya Kibosho aliezeka kwa hela za kahawa enzi zile wanapeleka KNCU, chama cha ushirika cha kahawa Kilimanjaro, zile bati mpaka leo ziko juu, zimeshika kutu pembeni lakini ukizigonga zinalia kama kengele. Yeye bati analijua kwa sikio. Yule kijana akacheka. Akasema mzee hayo mambo ya zamani, siku hizi ni teknolojia. Na mimi, hapa ndo panaponiuma kuliko kote, mimi nikanyamaza. Nikalipa. Risiti ya EFD ikatoka nikaikunja nikaweka kwenye pochi bila kuisoma.

Upepo ulikuja mvua za vuli zinaanza, mwezi wa kumi mwishoni au wa kumi na moja hapo. Saa moja jioni, umeme ulishakatika. Kwanza nikasikia upande wa varanda bati zinapiga pa pa pa kama mtu anapiga makofi, halafu mlio mmoja mrefu wa kuchana, halafu nikaona anga. Yaani nimekaa sebuleni kwangu naangalia mawingu. Jipsamu ya dari iliyobaki ikaanza kudondoka vipande vipande, nikawabeba watoto tukajibanza koridoni, na mvua ndo ikaingia sasa, ile ya kumwaga, godoro, makochi, madaftari ya shule, kila kitu. Asubuhi tukahesabu bati tisa hazipo. Moja tuliikuta kwenye boma la jirani Mmaasai, imejikunja kama karatasi juu ya miiba, tunamshukuru Mungu haikumkata mtu wala mfugo.

Basi tukarudi dukani mimi na baba. Na sikwenda kugombana, nawaapia. Nilitaka mtu aangalie kile kipande aniambie tatizo ni nini, na kama kuna nafuu yoyote kwenye bati za kurudishia anipunguzie kidogo. Baba akatoa salamu, kimya. Akatoa tena. Kijana anachezea simu. Nikaweka kipande kaunta nikaeleza, ndo akajibu hivyo, sisi tunauza bati hatuuzi upepo. Nikamwambia kaka, kwenye karatasi yenu mmeandika waranti ya miaka. Akasema waranti ni ya rangi kupauka na kutu, upepo haumo, soma. Kweli nilivyosoma haumo. Nikamwambia basi angalia hata geji, akaniuliza risiti imeandikwa geji? Nikaitoa kwenye pochi mikono inatetemeka. Imeandikwa BATI, mita, jumla. Basi. Hamna geji, hamna aina. Baba akamwambia kwa upole kabisa "mwanangu, siku ile nilikuambia hailii". Akamjibu: "Mzee we nenda kapumzike, acha vijana tufanye kazi."

Mzee akavaa kofia yake akatoka. Hakusema neno njia nzima mpaka tunafika stendi. Mimi baba yangu sijawahi kumuona anaambiwa hivyo na mtu, hata waliokuwa wanampimia kahawa walikuwa wanamwita mzee wangu, sembuse kitoto.

Hapo nikaapa kumwambia kila mtu zile bati ni takataka. Nikakichukua kile kipande mpaka karakana moja ya kuchonga vyuma mtaa wa Unga Limited, fundi akakibana na maikromita, kile kifaa cha kupimia unene, mara tatu sehemu tatu, akaniambia dada hii haifiki hata milimita 0.25, na hapo ni pamoja na rangi yake. Akachukua kipande kingine kilichokuwa pale, anasema hii ndo 28, akapima mbele yangu ikapita 0.3. Na nyuma ya bati yangu imepigwa muhuri kabisa G28! Sasa mtu atasema maikromita ya karakana nayo si ya kuaminika sana, sawa, lakini hiyo hiyo ndo iliyopima zote mbili.

Hasira yangu ingeishia hapo ingekuwa rahisi. Ila fundi wa pili niliyempata wa kurudishia paa alipanda juu kabla ya kuanza, akakaa kule karibu saa nzima, akashuka na misumari mkononi na maneno ambayo sikutaka kuyasikia. Akasema mama, upepo hausukumi bati, unalinyanyua. Unapita juu ya paa unalivuta kwenda juu, na kwenye varanda unaingia kwa chini unalisukuma huko huko juu, kwa hiyo pembeni na kwenye kona ndo panaanza kuachia, na pembeni kwangu ndo fundi wa kwanza alibania misumari. Alikuwa anaruka, mgongo mmoja wa bati anapiga miwili anaacha. Mbao za 2x2 za kupigilia bati kaziachanisha zaidi ya futi tatu. Na zilikuwa mbichi, zilivyokauka zikasinyaa msumari ukabaki unacheza kwenye tundu, akanionyesha mingine imetoka mizima, imenyooka vile vile kama imetoka dukani jana. Kenchi, zile fremu za mbao zinazobeba paa, hazijafungwa kwenye ukuta na chochote zaidi ya misumari. Bati kazikata na grainda, ule moto unaunguza rangi na zinki, kwa hiyo kwenye mikato kutu ilishaanza, kumbe bati unakata na mkasi wake.

Nikamuuliza kwa hiyo bati haina kosa? Akanyamaza kidogo. Akasema ina lake. Akanionyesha zile zilizobaki zimening'inia, misumari bado iko kwenye mbao na bati ndo imetoka, imechanika kuzunguka kichwa cha msumari, tundu limekuwa refu kama kifungo cha shati. Hiyo ni bati laini. Misumari iliyotoka mizima ni kosa la mbao na fundi, tundu lililochanika ni la bati. Kwangu vyote vilikuwepo.

Kwa hiyo nikawa sijui nimchukie nani. Fundi wa kwanza nilimpata kwa bei nafuu, namba yake sasa hivi haipatikani. Lakini nikifikiria vizuri narudi pale pale kaunta. Yule kijana nilimwambia nyumba iko Kisongo, nilimwambia uwanda wa wazi, nilimwambia nina varanda kubwa mbele. Mtu anauza bati kila siku, si anaona wateja wa Kisongo na Muriet wanarudi na vipande? Angesema tu "mama kwa huko ongeza elfu nne kwa mita uchukue nzito zaidi, na usipige misumari, tumia skrubu", ningeongeza, kwa Mungu ningeongeza, nilikuwa nayo. Hakuniambia. Aliniambia mjukuu.

Safari ya pili nilizunguka sana kabla ya kununua. Vigae vya udongo navipenda, havipigi kelele mvua ikinyesha na nyumba haichemki mchana, ila fundi alikataa kabisa, kenchi zangu hazikupigwa za kubeba uzito ule, na mvua ya mawe ikija ile ya punje kubwa vinapasuka. Zile bati za mawe, zilizopakwa chenga za mawe juu, ni nzuri mno kwa kupunguza kelele, ila mimi nakinga maji ya mvua na hapo sikuwa na mchezo. Maji ya visima huku kwetu yana floraidi, tazama meno ya watu wengi tuliokulia Arusha utayaona yana rangi ya kahawia, na kuchemsha hakuondoi kitu. Wanangu wanakunywa maji ya mvua. Zile za mawe mwanzoni zinashusha chenga kwenye gata, jirani yangu tenki lake lilijaa mchanga msimu mzima. Najua zinaisha baadaye, ila nilikuwa nimeshachoka kusubiri mambo ya baadaye.

Nikarudi kwenye msauzi. Ndiyo, aina ile ile, ila duka lingine, na huko kuna dada mmoja, mama mtu mzima, nilivyotaja Kisongo tu akaweka kalamu chini akauliza "varanda ina upana gani?" Nusura nilie pale pale. Akafungua droo akatoa maikromita mwenyewe bila kuombwa, akapima mbele ya baba, akampa baba apime. Baba hajui kuisoma ile kitu, akampa mkono juu ya mkono akamwelekeza mpaka akaona. Halafu baba akaigonga. Akatabasamu. Kwenye risiti nikaandikiwa geji na unene kwa mkono juu yake na muhuri wa duka. Alikuwa ghali? Alikuwa ghali. Na bado kofia za juu za kufunika kilele cha paa alichelewesha siku nne, tukalala na turubai, nilikasirika sana na yeye pia, sitaki mdhani ni malaika.

Fundi akapiga skrubu, kila mgongo kwenye pembe na kwenye ukingo, huko ndani ndo akaruka. Mbao katikati futi mbili na nusu, pembezoni futi mbili. Kenchi kazifunga kwa chuma bapa mpaka ndani ya ukuta, kabomoa plasta kidogo kufika kule. Skrubu alikuwa anazikaza kwa drili halafu anashika kwa kidole, anasema ukikaza sana raba inabinuka inapasuka juani, ukilegeza maji yanapita. Limepita masika moja na vuli moja, na upepo umekuja mara tatu ule wenyewe. Nalala, ila silali sana.

Sasa kuna kitu inabidi nikiseme hata kama kinaniuma. Nusu ya nyuma ya nyumba, ile iliyokingwa na ukuta na tenki, bado ina zile bati za kwanza. Hela haikutosha kubadilisha zote, fundi akaongeza skrubu tu. Hazivuji. Rangi haijapauka, ukisimama mbali huwezi kujua zipi mpya zipi za zamani. Kwa hiyo nikisema takataka nasema uongo, kwa mtu wa Sakina penye miti pengine zinamfaa kabisa na atakaa nazo miaka. Shoga yangu nimemwambia hivyo hivyo. Nimemwambia pia yeye ni wa Kisongo, kwa hiyo asiguse.

Halafu akaniuliza, kwa hiyo lile duka ni baya au si baya? Nikashindwa kumjibu, kwa sababu swali la bati kwangu lilishaisha, mimi bado niko kwenye ile kaunta. Lile duka napita mbele yake kila nikienda sokoni Kilombero. Baba akija kutoka Kibosho tunazunguka njia nyingine, yeye ndo anaomba tuzunguke, hasemi kwa nini na mimi simuulizi. Kile kipande kilichochanika kiko nyuma ya banda la kuku, nimetaka kukitupa mara mbili kanikatalia. Kama yule kijana anasoma hapa, mzee bado anaidai shikamoo yake.