Vila ya Playa Blanca, Lanzarote: uzoefu wangu wa Januari

Nyota nne kwa tano. Ile ya tano ilizama kwenye bwawa la kuogelea, nitaeleza.

Watoto wetu bado hawajaanza shule, kwa hiyo hatukuwa na sababu ya kugombania wiki za Krismasi, Pasaka au Agosti, ambazo bei zake hazishikiki. Tulichukua katikati ya Januari, shule za Uingereza zikishafunguliwa, na nyumba ya vyumba vinne ikawa ndani ya uwezo wetu. Mchana jua la nyuzi 21 hivi, fulana inatosha. Usiku hushuka hadi 14, na nyumba za huko zimejengwa kwa ajili ya joto: sakafu ni vigae vitupu, na hita ni nadra. Bebeni soksi na sweta, hasa kama mna mzee.

Sisi tulikuwa na Mama, na yeye ndiye aliyeamua ratiba nzima. Anaishi nasi Uingereza kwa pasipoti ya Kenya. Lanzarote ni kimojawapo cha Visiwa vya Canary vya Hispania, ambavyo viko karibu zaidi na Moroko kuliko Madrid, lakini kwa viza ni Ulaya tupu: Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, ada ya euro 90, na bima ya safari ya kiasi kisichopungua euro 30,000. Ombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na wanaotoa viza wanataka kuona uthibitisho wa mahali pa kulala. Sasa tazama mtego ulipo. Wenye vila wengi hudai salio lote wiki nane hivi kabla ya kufika, na huenda viza haijatoka bado. Kabla ya kulipa amana nilimuuliza wakala, kwa maandishi, viza ikikataliwa pesa zinarudi au hazirudi. Alikubali kughairi bila makato hadi mwezi mmoja kabla, na hati yake ya malipo ikaandikwa majina ya wageni wote, Mama akiwemo. Kwa hilo peke yake ningemtumia tena. Nyumba pia ilikuwa na kibao cha VV mlangoni, alama ya nyumba ya likizo iliyosajiliwa. Tangazo lisilo na namba ya usajili mimi silifungui.

Haya, bwawa. Tangazo lilisema lina joto. Tulipofika mashine ilikuwa imezimwa, maji barafu, na mashine hizo hupasha polepole, siku mbili hivi hata ukilifunika usiku. Kupasha bwawa huko ni ada ya ziada ya kila wiki, na sisi tulikuwa tumeshailipa. Fundi alikuja kesho yake, wakala akarudisha sehemu ya pesa bila ubishi, lakini nenda ukamweleze mtoto wa miaka minne aliyekwisha vaa maboya mikononi. Andikeni barua pepe siku chache kabla, mtake liwashwe mapema. Baharini nako Januari si kwa kila mtu: maji ni kama nyuzi 19.

Kitu ambacho picha hazionyeshi ni upepo. Sisi watu wa pwani tunajua kaskazi na kusi zinavyopokezana. Huko kuna upepo uitwao alisio, unatoka kaskazini-mashariki karibu mwaka mzima, na Julai na Agosti ndipo unapochachamaa. Ndiyo maana wakulima wa La Geria, bonde la mizabibu kisiwani humo, huchimbia kila mzabibu shimo kwenye majivu ya volkano na kuuzungushia ukuta wa mawe. Nawe fanya hivyo hivyo ukichagua nyumba: uliza baraza inatazama wapi. Yetu ilitazama kusini, nyumba yenyewe ikiukinga upepo, na Mama alishinda pale na tasbihi yake asubuhi hadi adhuhuri. Jirani zetu, baraza yao upande wa pili, niliwaona wakikimbiza taulo.

Nyumba yetu haina ngazi, jambo ambalo magoti ya Mama yalilishukuru. Nyumba nyingi ni fupi, nyeupe, na mbao zake zimepakwa kijani. Sehemu kubwa ya sifa hiyo ni ya msanii César Manrique, mzaliwa wa Arrecife, aliyepigania kisiwa kisijazwe maghorofa wala mabango ya matangazo. Kateni siku moja mkaone Jameos del Agua, pango la lava alilolitengeneza. Timanfaya, hifadhi ya volkano palipolipuka kuanzia 1730 hadi 1736, unazungushwa kwa basi. Watoto walilala njia nzima, mimi sikupepesa jicho.

Jikoni? Samaki ni wazuri sana, hasa yule waitao vieja, jamii ya pono. Sufuria kubwa kuliko zote iliyokuwepo ilitosha wali wa watu watatu, nasi tulikuwa saba. Ukitaka kubeba yako ya pilau, uliza kwanza jiko ni la aina gani: la indaksheni, linalopasha sufuria kwa sumaku, halishiki sufuria ya alumini hata kidogo.